Magoti ya Muhonja

Kila asubuhi, kabla binti yake Beverlyne hajaamka, Muhonja alijikokota hadi jikoni, akafungua dirisha dogo lililo juu ya sinki na kutega sikio upande wa mashariki. Alijua hatasikia kitu. Kutoka nyumba ile ya ghorofa ya pili, mtaa wa Lurambi, hadi ukingo wa msitu ni kilomita nyingi, na katikati pana mji mzima wa Kakamega na pikipiki zake, majenereta yake, na kipaza sauti cha mhubiri mmoja aliyeanza kazi kabla ya majogoo. Hata hivyo alitega. Kwa miaka kumi na tisa masikio yake ndiyo yaliyomlisha, na yalikuwa bado hayajaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Alikuwa mwongoza wageni katika msitu wa Kakamega. Wakati anaanza, wanawake katika kazi ile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wazee wa Shinyalu walimuuliza mumewe, Patroba, kama ameshindwa kumlisha mke mpaka ameamua kumwachia nyani. Patroba alicheka tu. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe na mahindi, mkewe alikuwa mtu wa ndege, na boma lao lilikuwa na nafasi ya wote wawili. Saa kumi na nusu alfajiri Muhonja alikuwa tayari ndani ya gambuti zake. Kufikia saa kumi na mbili alikuwa juu ya kilima cha Lirhanda, wageni wake wamekaa kimya kama alivyowaamuru, wakingoja jua lichomoze nyuma ya miinuko ya Nandi.

Huko juu kulikuwa na kitu ambacho hakukipata mahali pengine. Watu wote humwona hondohondo kutoka chini: tumbo jeupe, miguu iliyokunjwa, basi. Lakini juu ya Lirhanda, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, hondohondo walipita chini yako, wawili wawili, ukawaona mgongo. Mabawa yao yalikata hewa kwa mvumo ambao mgeni wa mara ya kwanza alidhani ni mtu anayehema nyuma yake. Siku Muhonja alipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza alisahau kabisa kwamba ameongozana na watu, hata mmoja wao akamgusa bega kumuuliza kama yu mzima.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Asubuhi moja alitaka kugeuza kigurudumu cha darubini, vidole vikakataa. Vilikuwa vimevimba, vya moto, na vilikaa hivyo hadi jua lilipopanda sana. Kesho yake vivyo hivyo, mikono yote miwili kwa pamoja. Kila mtu alikuwa na jibu. Ni umande wa msitu, walisema. Ni baridi imeingia mwilini. Jirani alimletea majani ya kukanda, shemeji akamletea mafuta yenye harufu kali kutoka Butere, na Muhonja alikanda na kupaka kwa miaka minne huku ugonjwa ukihamia viganjani, ukashuka magotini, ukapiga kambi. Alipofika mbele ya daktari aliyeujua kwa jina lake, baridi yabisi, ulikuwa umekwisha kula sehemu kubwa. Akaanza dawa. Mwaka uliofuata akarudisha darubini ofisini, na wenzake wakamfanyia karamu ya ingokho, kuku wa kienyeji, na soda. Hiyo ni miaka sita sasa.

Beverlyne, binti yao pekee, ndiye aliyemleta mjini. Alifanya kazi katika ofisi za kaunti na hakuwa na subira na habari za umande. "Utakaa na mimi, Mama, karibu na hospitali," alisema. "Baba atakuwa anakuja Jumamosi." Hakusema kwa ubaya. Alimnunulia godoro zuri, akampa chumba chenye jua. Kitu asichoweza kumpa ni nyumba ya chini. Ngazi zilikuwa thelathini na nne, na Muhonja alizishuka siku za kliniki tu, mguu mmoja baada ya mwingine kama mtoto, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha pembeni. Patroba alikuja Jumamosi kweli, na maziwa katika chupa ya soda ya lita mbili. Alikaa kwenye kochi akiwa ameshika kofia yake, akaeleza habari za ng'ombe, kisha saa tisa akasimama kwenda kukamua. Hawakuwa wamezoea kuagana. Kila mara walipeana mikono mlangoni kama watu waliokutana matangani.

Mwezi wa Septemba goti la kulia lilivimba mpaka likakataa kukunjuka. Daktari Cherop, mwanamke mfupi asiye na haraka, aliagiza picha ya eksirei, kisha akageuza skrini ya kompyuta yake ili Muhonja naye aone.

"Hili ndilo goti lako, mama. Hapa kati ya mfupa wa juu na wa chini panatakiwa pawe na nafasi. Unaiona?"

"Siioni."

"Haipo. Kuna kitu laini kinachofunika ncha za mifupa ili iteleze vizuri, kinaitwa gegedu. Lako limelika. Sasa tazama pembeni."

Muhonja akasogeza uso. Kwenye kingo za mfupa, upande huu na upande ule, zilichomoza ncha nyeupe zilizopinda kidogo. Zilifanana na ule mwiba ulio nyuma ya mguu wa jogoo.

"Ni mfupa umeota mfupa," daktari akasema. "Hata goti la kushoto lipo njiani, ila si kama hili."

"Basi hiyo ndiyo inanichoma."

"Wakati mwingine inachoma, ndiyo. Na inazuia goti lisikunjuke lote."

"Sasa si uikate?" Muhonja alimtazama kwa matumaini ambayo hakuweza kuyaficha. "Mimi ni mtu wa msitu, daktari. Mwiba ukiingia, tunautoanga, mtu anaendelea na safari."

Daktari Cherop hakucheka. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Huu haukuingia kutoka nje, mama. Nikueleze. Mwili wako una askari wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wenye baridi yabisi askari hao hugeuka, wakapigana na viungo vyenyewe. Kwako wamepigana miaka mingi, gegedu likaisha. Mfupa ulipobaki uchi ukaanza kujijenga pembeni, kama mtu anayeona ukuta wa nyumba unaegemea, akakimbia kuuwekea vigingi. Nikikata vigingi, ukuta bado unaegemea. Na vingine vitaota."

Muhonja aliitazama tena picha.

"Kwa hivyo mfupa ulikuwa unataka kunisaidia."

"Ulitaka. Ila hauna akili ya kujua pa kujenga."

"Na nitapanda Lirhanda tena?"

Daktari alizima kwanza skrini, na hapo Muhonja akajua. Kisha maneno yakafuata, mazuri na ya kweli. Ugonjwa ukitulia vya kutosha, angeweza kupelekwa hospitali kubwa zaidi akabadilishiwa goti, akawekewa la chuma. La kutembelea sokoni na kanisani, si la kurukia mawe. Kwa sasa aendelee na vidonge vyake vya kila Ijumaa, afanye mazoezi ya kukaza paja, asiache fimbo. Na leo atapigwa sindano ndani ya goti ili kutuliza uvimbe.

"Lakini unisikilize," daktari akasema akiwa ameishika sindano. "Hii inawapa wengine wiki chache, wengine miezi. Maumivu yakiondoka, goti halijapona. Ni kelele tu ndizo zimenyamaza. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Muhonja akasema. Alichobaki nacho alipokuwa akishuka kitandani ni maneno mawili tu: maumivu yakiondoka.

Yaliondoka siku ya tatu. Aliamka akangoja yale mateso ya kila asubuhi, hayakuja. Alikunja goti, likakunjika. Alisimama jikoni akasonga obusuma kwa mwiko akiwa wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie pale, na Beverlyne aliporudi jioni akakuta mboga ya mutere mezani na mama yake anaimba. Binti alisimama mlangoni na mkoba begani. Halafu akaenda kumkumbatia kwa nyuma, akalaza shavu lake mgongoni kwa mama yake kama alivyofanya utotoni.

Angeweza kumwambia wakati ule. Alijua hivyo hata baadaye, alipokuwa akijitetea. Lakini wazo lilikuwa bado changa na yeye mwenyewe alikuwa analionea aibu.

Siku zilizofuata alizishuka ngazi thelathini na nne na kuzipanda, asubuhi na jioni, Beverlyne akiwa kazini. Mara ya kwanza na fimbo. Mara ya tano bila fimbo. Alihesabu moyoni: mwinuko wa Lirhanda kutoka kibanda cha chini hadi juu, ukienda taratibu, ni ngazi hizi mara ngapi? Mara kumi na mbili? Kumi na tano? Mtu mwenye akili angeacha kuhesabu hapo. Yeye alilala usingizi mzuri akiota harufu ya majani yanayooza na maji.

Wiki ya tatu akamwambia binti yake anataka kwenda nyumbani Ijumaa, akae na Patroba hadi Jumapili. Beverlyne alifurahi. Alimfungia vidonge katika bahasha, akaandika siku na saa juu yake kwa herufi kubwa, akampigia simu dereva wa teksi anayemwamini.

Patroba alikuwa amefagia ua. Alimkuta amenunua mkate, na ameweka kiti kizuri cha sebuleni juani, mahali Muhonja alipopenda. Wakala, wakaongea habari za ndama na za jirani aliyehamia Mautuma kulima mahindi kwenye mashamba makubwa, na walipolala, Muhonja alikaa muda mrefu akisikiliza tu. Mbali kidogo, upande wa msitu, pimbi wa mitini alikuwa akilia kile kilio chake kinachoanza kama mlango wenye kutu na kuishia kama mtu anayenyongwa. Beverlyne alikuwa akikiogopa sana alipokuwa mtoto. Muhonja alikisikiliza machozi yakimtoka, na asingeweza kumweleza mtu kwa nini.

Jumamosi alfajiri, Patroba alipotoka na ndoo kwenda zizini, Muhonja naye alitoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa amemwambia mwendesha bodaboda amngojee barabarani. Alikaa upande mmoja, goti la kulia amelinyosha nje kidogo, na kijana yule akaendesha polepole kama aliyebeba mayai. Kwenye kibanda cha chini hapakuwa na mtu bado. Muhonja akashika fimbo yake, akaingia njiani.

Mwanzo ulikuwa mtamu kupita alivyokumbuka. Njia ilikuwa ileile, na alijua kila mzizi. Alisikia kima wakiamka, wakirukia matawi yenye maji na kuyamwaga. Alisikia ndege sita au saba kwa mpigo mmoja akawataja mmoja mmoja kwa sauti ndogo, kama mwalimu anayeita majina ya darasa lake. Akapumzika, akaenda, akapumzika tena. Anga ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu kati ya majani. Alikuwa amevuka nusu ya njia, pengine zaidi, alipofika kwenye jiwe lililolala kukatisha njia, jiwe ambalo zamani alikuwa akiwapa wageni mkono hapo. Aliinua mguu wa kulia, akauweka juu ya jiwe, akaegemeza uzito.

Kitu ndani ya goti kikateleza na kukwama. Hakikutoa sauti, lakini alikihisi mpaka menoni, kama mlango uliofungwa na kitu kidogo kikabanwa kwenye bawaba. Mguu haukunyoka wala haukukunjika. Kisha maumivu yakafika yote kwa pamoja, ya wiki tatu zote alizokuwa ameyasahau.

Aliketi juu ya lile jiwe, mguu umepinda mbele yake kama wa mtu mwingine.

Hakupiga kelele. Hakuwapigia Patroba wala Beverlyne simu, ingawa simu ilikuwa mfukoni. Pale alipokuwa hapakuwa na cha kuona ila mashina ya miti na giza linalopungua. Jua lilichomoza mahali fulani juu yake. Alijua kwa sababu vichwa vya miti vilibadilika rangi. Na hondohondo wakapita. Aliwasikia wakija kutoka mbali, lile vumo zito la mabawa, wakapita juu kabisa ya majani, juu yake, kama wanavyompita mtu yeyote yule. Alitazama juu na hakuwaona hata matumbo yao. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia.

Sylvanus alimkuta saa moja baadaye. Alikuwa akipandisha wageni wawili, mume na mke wazee kutoka ng'ambo wenye kofia za jua. Muhonja ndiye aliyemfundisha Sylvanus kazi, toka siku zile asizojua kutofautisha mbega na kima, na hadi leo Sylvanus alimwita Mwalimu.

"Mwalimu? Ni wewe? Unafanya nini hapa peke yako?"

"Nimekaa," Muhonja akasema.

Sylvanus alitazama goti, akatazama fimbo. Aliwaomba wageni radhi, nao hawakulalamika. Yule mama mzee alitoa skafu yake wakalifunga goti. Halafu Sylvanus akachuchumaa, akamwambia Muhonja apande mgongoni. Alikataa. Akakataa mara ya pili. Mara ya tatu akapanda, mwanamke wa miaka hamsini na sita, shanga za skafu ya mgeni zikimning'inia gotini.

Wakashuka hivyo. Karibu na chini yule mzee aliinua kidole, akauliza kitu kwa Kiingereza: ndege gani yule anayelia kama chupa inayomiminwa maji? Sylvanus alisimama, akasikiliza, akasita.

"Dudumizi," Muhonja akasema kutoka mgongoni mwake. "Mwambie wako wawili. Mwingine yuko kulia, chini, anamjibu."

Mzee alielekeza darubini upande ule. Baada ya kitambo akatabasamu, akatikisa kichwa. Muhonja alizika uso katika koti la Sylvanus lililonukia moshi na jasho, na hakuutoa mpaka walipofika barabarani.

Goti lilikuwa kama boga jioni hiyo. Lilifunguka lenyewe njiani kuelekea hospitali, kwa mlio mdogo, lakini uvimbe na homa vilimlaza siku nne. Daktari Cherop alivuta maji kwa bomba la sindano, akayaangalia kwenye mwanga, akasema tu, "Ulifika wapi?"

"Kwenye jiwe la katikati."

"Ni mbali," daktari akasema, na kulikuwa na kitu kama heshima katika sauti yake. Kisha akamkaripia kwa dakika kumi nzima bila kupumua.

Beverlyne hakukaripia. Hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alikuja na uji katika thamosi, akakaa kando ya kitanda, akamnywesha, akapangusa kikombe. Siku ya tatu ndipo alipozungumza.

"Ungeniambia, Mama."

"Ungenikubalia?"

Beverlyne alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Unaona sasa."

"Nilikuleta mjini ili upone." Sauti ilianza kumvunjika. "Kila siku kazini nafikiria hizo ngazi. Nafikiria umeanguka. Na kumbe ulikuwa unazifanyia mazoezi."

Muhonja alimshika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa na mvi mbili tatu ambazo hakuwa ameziona hapo kabla.

"Sitapona, Bev. Huu ugonjwa unatulizwanga tu. Kwako natulizwa vizuri, wewe umenitunza kuliko mtu yeyote. Lakini nikikaa kule juu, nafungua dirisha nasikia pikipiki, natamani mpaka natamani ujinga. Wacha nitamani nikiwa nyumbani. Kliniki nitakuja kila mwezi, sitakosa hata mmoja. Nakuapia."

"Na Baba? Ataweza? Hata chai hajui kupika."

"Atajifunza. Amekunywa chai yangu miaka thelathini."

Beverlyne alicheka huku analia, akapenga kamasi kwa kitambaa cha hospitali. Hakukubali siku ile. Alikubali baada ya wiki mbili, kwa masharti aliyoyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani nyumbani kwa wazazi wake.

Patroba alifanya kazi kabla mkewe hajafika. Aliinua kitanda kwa matofali ili Muhonja asihangaike kuinuka. Alifunga mbao za kushikia toka mlangoni hadi chooni, imara, zilizopigwa randa zisimchome. Chai yake ilikuwa mbaya kwa mwezi mzima, kisha ikawa ya kunyweka. Asubuhi alimkanda goti kwa maji ya vuguvugu na kuhesabu naye mazoezi: kaza, moja, mbili, tatu, legeza. Alihesabu kwa sauti ileile anayohesabia ng'ombe.

Muhonja hakuacha kutamani. Ukaribu ulikuwa na ukali wake. Kutoka uani kwao kilima cha Lirhanda kilionekana chote, kama kilomita tatu hivi, na alfajiri za kiangazi ukungu ulipokaa chini yake kilisimama peke yake kama kisiwa. Alikuwa akikaa nje na kikombe chake akikitazama. Patroba alikuwa akimtazama yeye.

"Kuna nini huko juu?" alimuuliza siku moja.

Muhonja alishangaa. "Si unajua."

"Sijui. Sijapandanga."

Akamgeukia. Mume wake alizaliwa chini ya kilima kile. Alikuwa amechunga ng'ombe kandokando yake tangu akiwa na miaka saba. "Hujapanda hata siku moja?"

"Ng'ombe hawapandi huko. Na wewe ulikuwa unapanda, nikaona inatosha." Alikuna shingo. "Ulikuwa unarudi na uso fulani, unanieleza mambo, mimi naitikia. Sikuwa naona."

Hawakuendelea. Lilikuja suala la ndama aliyeingia kwenye sukumawiki.

Ilikuwa mwezi wa Januari, asubuhi ya Jumanne, simu ilipolia Muhonja akiwa bado kitandani, akingoja vidole vyake vikubali kufunguka. Aliipokea kwa kuibofya na kifundo cha kidole.

"Mama Bev." Ilikuwa sauti ya Patroba, na nyuma yake pumzi nzito kama ya fahali.

"Baba Bev, uko wapi? Mbona unahema hivyo?"

"Niko juu."

"Juu ya nini?"

"Huku kwenu. Lirhanda." Alihema tena, akakohoa. "Sylvanus alinionyesha njia, nikamwambia aniache. Hili jambo ulilifanyanga kila siku? Miguu inatetemeka kama ya mtoto. Sasa niambie, natazama nini?"

Muhonja aliketi. Alisahau vidole. "Jua liko wapi?"

"Linatoka."

"Lipe bega la kulia. Sasa tazama chini. Chini kabisa, si mbali."

Simu ilikwaruza, kama iliyohamishiwa sikio la pili.

"Naona maziwa," Patroba akasema hatimaye. "Yamemwagika kila mahali. Na miti imetoa vichwa tu."

"Kuna ndege?"

"Nawasikia. Siwajui. Ngoja." Alinyoosha simu hewani, na katika chumba chenye kitanda cha matofali zikaingia sauti za huko, zimekwaruzika, zimechanganyika na upepo. Muhonja alifumba macho. Alitambua wanne. Wa tano alimpotea. Haikuwa kama kuwa kule. Ilikuwa mbali sana na kuwa kule, na hata hivyo hakutaka iishe.

"Mama Bev," Patroba akarudi. "Naona nyumba yetu."

"Unaona?"

"Naona mabati. Yale mapya ya jikoni yanawaka. Hukuniambianga kwamba kwetu kunaonekana kutoka huku."

Hakuwa amemwambia. Miaka kumi na tisa alikuwa akitazama upande mwingine.

"Toka nje," mumewe akasema. "Toka uani nikuone."

Alishuka kitandani. Akashika mbao, akashika mlango, goti likilalamika kila hatua, akatoka hadi katikati ya ua ambako jua lilikuwa bado halijafika. Umande ulimlowesha miguu. Kilima kilisimama mbele yake, cheusi upande wa huku, na mtu aliyekuwa juu yake hakuonekana hata kama sisimizi.

"Nimetoka," akasema.

"Inua mkono."

Akauinua.

"Nimekuona," Patroba akasema.

Alijua hawezi kumwona. Alikuwa amesimama pale juu siku nyingi mno, asingekosa kujua mtu huonekanaje kutoka umbali ule: haonekani kabisa. Nyuma ya nyumba ng'ombe walikuwa wakilia, hawajakamuliwa.

"Usishuke bado," akamwambia.

"Sishuki. Nitashuka namna gani na miguu hii."

Akabaki amesimama na mkono juu, akikipungia kilima. Bega lilipoanza kuuma, akahamishia simu upande wa pili, akainua mkono mwingine.